Laptop au ya mezani kwa mwanafunzi wa hosteli?
Mdogo wangu, kwa kuwa unaenda chuo na utakaa hosteli, chukua laptop. Ya mezani kwa bei hiyohiyo itakuwa na nguvu zaidi, hilo sibishi, lakini umeme ukikatika na hujasevu kazi, imekwenda. Labda ununue na UPS (kifaa chenye betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika), ambayo nayo ni pesa na mzigo. Na kwenye kazi za kikundi utaibebaje?

Tafuta mtumba wa ofisini, mfano ThinkPad T480. Ina betri mbili, ya ndani na ya kuchomoa, kwa hiyo ya nje ikichoka unabadilisha mwenyewe bila fundi. Usishuke chini ya prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel kizazi cha 8: za nyuma yake karibu zote hazimo kwenye orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11, na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia rasmi Oktoba 2025.

Kabla hujalipa, fungua Command Prompt (dirisha la Windows la kuandikia amri) uandike powercfg /batteryreport, ufungue faili la ripoti litakalotokea, kisha linganisha DESIGN CAPACITY (uwezo wa betri ikiwa mpya) na FULL CHARGE CAPACITY (uwezo wake sasa). Ya pili ikiwa chini ya nusu ya kwanza, muuzaji apunguze bei au aweke betri nyingine. RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) 8GB, na SSD (diski ya kisasa yenye kasi) lazima.