Maswali yenu ya muziki: Ron Carter, mzee wa besi

SWALI: Shikamoo anko. Mi napiga gitaa la besi kwenye kwaya huku Mbeya, mwaka wa tatu sasa. Shida yangu ni hii, sifa zote zinaenda kwa mpiga solo na mpiga kinanda, mimi hata nisipokuja Jumapili naona hakuna anayeuliza. Sasa kuna rafiki yangu kanambia eti kuna mzee wa jazi Marekani anaitwa Ron Carter kaingia kitabu cha Guinness kwa besi tu. Ni kweli au ni stori za kijiweni? Na alifikaje huko?
Mpiga besi, Mbeya

JIBU: Marahaba mwanangu. Ni kweli kabisa. Mwaka 2015 Guinness walihesabu rekodi alizopiga wakafika 2,221, hakuna mpiga besi wa jazi mwingine aliyerekodiwa hivo. Na kwenye nyingi ya hizo jina lake haliko mbele ya jalada, liko nyuma kwa maandishi madogo, ndo maana swali lako limenigusa sana.

Kazaliwa tarehe 4 Mei 1937 Ferndale, jimbo la Michigan, na wala hakuanza na besi. Alianza na selo akiwa na miaka 10, ile kama fidla kubwa unakaa kwenye kiti unaiweka katikati ya magoti, na alichokuwa anakitaka ni muziki wa klasiki, apige kwenye okestra. Familia ikahamia Detroit, akasoma shule ya Cass Tech, na pale akaanza kuona kwamba zikitokea nafasi za kwenda kupiga nje wanaitwa wanafunzi wazungu, yeye na selo yake anaachwa. Akaona mpiga besi wa shule anakaribia kumaliza, akahamia huko, alijua hapo watamhitaji tu watake wasitake.

Alafu akaenda chuo cha muziki cha Eastman kule Rochester. Akiwa pale ndo Leopold Stokowski, kondakta mkubwa, yaani mwongozaji wa okestra, ambaye wakati huo alikuwa anaongoza okestra ya Houston, akamsikia akampenda, ila akamwambia bodi ya Houston haitakubali mtu mweusi. Yaani uwezo unao, tumekusikia, ila rangi yako hapana. Mi hii habari nimeisoma mara nyingi na bado inaniuma kila nikifika hapo. Akamaliza Eastman 1959, akahamia New York, akapata shahada ya pili Manhattan School of Music 1961, na huku akiwa tayari anapiga jazi na watu kama Chico Hamilton na Eric Dolphy.

1963 Miles Davis, mpiga tarumbeta mkubwa wa jazi, akamfata akamwambia njoo kwenye bendi yangu. Sa fikiria, ni Miles huyo, kijana yeyote angeruka. Carter akajibu kwamba ana kazi na Art Farmer, mpiga tarumbeta mwingine, kama Art akiruhusu atakuja, kamuombe mwenyewe. Miles akaenda kumuomba Art. Hapo ndo nilimpenda huyu mzee moja kwa moja, maana wanamuziki wetu wengi wakiitwa na bendi kubwa wanapotea usiku huohuo bendi ya zamani inabaki inamtafuta kwa simu.

Pale kwa Miles alikuwa na Herbie Hancock kwenye piano, Tony Williams kwenye drams (ana miaka 17 tu wakati anaingia!) na baadaye Wayne Shorter kwenye saksafoni. Kaa na albamu ya Miles Smiles usikilize Footprints. Besi inashika kipande kifupi inakirudia, inakirudia, Tony anavunjavunja mapigo juu yake mpaka unahisi wimbo unataka kuanguka, na hauanguki, kwa sababu kuna mtu chini kaushika. Akatoka 1968, Miles alishaanza kuelekea kwenye vyombo vya umeme.

Na usidhani ni jazi tu. Albamu ya First Take ya mwimbaji Roberta Flack ya 1969, besi ni yeye. The Revolution Will Not Be Televised ya Gil Scott-Heron kwenye albamu ya 1971, ni yeye tena. Watu wameimba hizo nyimbo miaka yote bila kumjua.

SWALI: Hiyo besi ya Ron Carter ndo ile dabo besi ya kwenye taarab? Na anajuaje pa kubonyeza wakati haina freti, vile vyuma vya kwenye shingo ya gitaa?
Msomaji, Unguja

JIBU: Ndo yenyewe dada yangu, ile inayosimama ikampita mpigaji urefu. Niliwahi kukaa karibu nayo kwenye mazoezi ya taarab hapo kwenu Mji Mkongwe, sauti haikuja masikioni kwanza, ilikuja kwenye ubao wa sakafu ikapanda miguuni. Nyuzi ni nne, na kwa kawaida zinatuniwa sawa na gitaa la besi, E, A, D, G. Freti hamna, kidole kikikosea kidogo tu noti inaharibika, kwahiyo mkono wa kushoto unafundishwa kwa miaka hadi unajua wenyewe, na sikio linasahihisha. Carter alikuwa na faida ya selo, nayo haina freti.

SWALI: Nasikia alipiga na wana hip hop?
Kijana wa Kinondoni

JIBU: Ndio, kundi la A Tribe Called Quest, albamu ya The Low End Theory ya 1991, wimbo Verses from the Abstract. Alikubali kwa sharti kwamba kusiwe na matusi. Na amefundisha pia miaka mingi City College ya New York, na 2022 alipofikisha miaka 85 akapiga kwenye ukumbi wa Carnegie Hall.

Mbeya, nakurudia wewe. Chukua wimbo mmoja wa kwaya yenu wa mapigo manne, piga noti moja kila pigo, anza na mzizi wa kodi (chord), yaani ile noti inayoipa kodi jina lake, noti ya mwisho iwe jirani ya mzizi wa kodi inayofata, usiongeze kitu. Wiki mbili hivo hivo, taratibu. Alafu niandikie waimbaji wamesema nini.