Malta ikoje? Jibu kwa mdau anayetaka kwenda na mkewe mwezi wa nane

Mkuu, umeuliza mambo matatu kwa mpigo: Malta ni nchi ya namna gani na ina watu wangapi, wiki moja ya mwezi wa nane itatosha wewe na shemeji kuizunguka, na kama ni kweli kwamba kazi huko ni za kuokota. Nilisoma Msida, nikapanga chumba Gżira, na likizo zangu nyingi nilikuwa nazimalizia Gozo, kwa hiyo najibu kwa niliyoyaona. Jibu ni refu, chemsha chai.

Naanza na ukubwa, maana ndio unaoamua mengine yote. Nchi nzima ni kilomita za mraba 316. Unguja peke yake ni kubwa karibu mara tano, na Pemba mara tatu. Kisiwa kikubwa, ambacho nacho kinaitwa Malta, kina urefu wa kilomita 27 na upana usiofika 15. Kinafuata Gozo chenye kilomita za mraba 67, na katikati yao kipo Comino, ambacho wakazi wake wa kudumu wote ungeweza kuwaalika futari wakaenea mkeka mmoja. Vilivyobaki ni miamba tu. Kuna watu wanaichanganya na Cyprus, ile nchi nyingine ya kisiwa kwenye Mediterania, ila Cyprus ni kubwa karibu mara 30. Malta iko kusini ya Sicily kwa kilomita kama 90, na ukizidi kushuka kusini unakwenda kutokea Libya.

Sasa mimina watu humo. Sensa ya 2021 ilihesabu 519,562, na makadirio ya mwisho wa 2024 yalikuwa yameshapita 570,000. Zanzibar yote kwa sensa ya 2022 ilikuwa na watu milioni 1.89, lakini wamekaa kwenye ardhi kubwa zaidi ya mara saba. Malta inakuja watu zaidi ya 1,700 kwa kila kilomita ya mraba, na ndani ya Umoja wa Ulaya hakuna nchi inayoikaribia. Mwaka 2024 waliingia watalii zaidi ya milioni 3.5 juu ya hao. Magari yaliyosajiliwa ni zaidi ya 400,000. Treni hakuna, reli moja waliyokuwa nayo, kutoka Valletta kwenda upande wa Mdina, ilifungwa mwaka 1931. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "Malta ni ndogo, unaimaliza kwa siku mbili", huyo ameisoma kwenye ramani. Kilomita kumi za jioni kutoka kazini zinaweza kula saa nzima ndani ya basi, na basi lenyewe likija limejaa linakupita kituoni bila hata kupunguza mwendo. Mkaaji wa Dar hapo hashangai sana.

Ndege ikianza kushuka angalia nje. Hutaona mto, ziwa wala msitu wa maana. Mlima pia hakuna: sehemu ya juu kabisa, karibu na Dingli, ni mita 253. Utakachoona ni mawe. Nyumba, makanisa, ngome na kuta za mashamba vimejengwa kwa jiwe la chokaa la njano iliyofifia, lile lile lililochimbwa hapo hapo chini. Mvua inanyesha majira ya baridi, halafu kuanzia mwezi wa tano au wa sita mbingu inafunga. Ndiyo maana zaidi ya nusu ya maji ya bomba ni ya bahari yaliyochujwa chumvi kwa mitambo, na mengine yanavutwa ardhini. Ni salama kunywa, lakini ladha yake wengi haiwapandi, wananunua ya chupa. Chupa usizitupe. Kila moja umeilipia amana ya senti 10, na mitaani kuna mashine za kuzirudisha. Utakuta foleni ya watu na viroba vyao, wengine ndiyo kazi yao ya siku.

Tuje kwenye mwezi wa nane wako. Kama tarehe zinasogezeka, zisogeze. Joto la nyuzi 33 au 35 wewe wa pwani utasema unalijua, lakini la kule linarudishwa na mawe ya kuta hadi saa tano usiku, na kivuli cha mti hakuna. Julai 2023 nyaya za umeme za chini ya ardhi zilizidiwa na joto, maeneo mengi yakakaa gizani siku kadhaa, feni na friji vimezima. Bei za malazi nazo ndizo za juu kuliko mwezi wowote. Mimi ningekupeleka mwezi wa tano, au mwisho wa wa tisa kuingia wa kumi, bahari ikiwa bado na uvuguvugu: barabarani kunapitika. Desemba hadi Februari ni rahisi zaidi mfukoni, ila zile nyumba za mawe hazina mfumo wa kupasha joto, na unyevu wake unaingia mpaka kwenye shuka. Sijawahi kusikia baridi Ulaya kama ile ya chumbani kwangu Gżira, na nje ilikuwa nyuzi 12 tu.

Ukishindwa kabisa kuahirisha, basi faidika na sherehe. Majira ya joto kila kijiji kina sikukuu ya mtakatifu wake: bendi za matarumbeta, taa barabarani, sanamu imebebwa mabegani, na fataki ambazo wenyeji wanazitengeneza wenyewe mwaka mzima kwa ushindani na kijiji jirani. Agosti 15, Santa Marija, ndiyo kubwa kuliko zote na ni mapumziko ya kitaifa. Siku hiyo wanakumbuka pia mwaka 1942, kwenye Vita Kuu ya Pili, kisiwa kilipokuwa kimezingirwa na chakula kinaelekea kwisha, meli ya mafuta Ohio ikaingia bandarini ikiwa imepigwa mabomu na kukokotwa na nyingine. Mfalme wa Uingereza alikuwa ameshawapa Wamalta nishani ya George Cross mwezi Aprili mwaka huo, na mpaka leo iko kwenye pembe ya bendera yao. Onyo tu: wiki hiyo Wamalta wanahamia Gozo kwa maelfu, chumba utakisikia kwenye bomba.

Kuona sasa. Valletta ni mji mkuu usiofika hata kilomita moja ya mraba, ulianzishwa 1566 na mashujaa wa Mtakatifu Yohana, wapiganaji wa kidini wa Kikatoliki waliokuwa wanakitawala kisiwa, mwaka mmoja baada ya kuwashinda Waturuki wa Osmani. Mitaa imenyooka kama mistari ya daftari na inateremka baharini pande zote mbili. Ingia kanisa kuu la Mtakatifu Yohana hata kama makanisa si mambo yako. Nje ni ukuta mkavu, ndani ni dhahabu, sakafu yote ni makaburi ya marumaru ya rangi, na ndani yake kuna mchoro wa Mwitaliano Caravaggio wa 1608 wa kukatwa kichwa kwa Yohana Mbatizaji. Ukitoka, vuka bandari kwa boti kwenda Birgu, ambako watalii wengi hawafiki. Mdina, mji mkuu wa zamani ulio kilimani, nenda jioni mabasi ya watalii yakishaondoka. Mosta simama nusu saa uone kanisa ambalo bomu la Wajerumani lilitoboa kuba lake Aprili 9, 1942, likaanguka katikati ya waumini na halikulipuka.

Kitu ambacho ukikosa utajuta ni Hypogeum ya Ħal Saflieni, pale Paola. Ni makaburi ya ghorofa tatu yaliyochongwa chini ya ardhi miaka zaidi ya 5,000 iliyopita. Mafundi waliyatoboa kwa bahati mwaka 1902 wakichimba visima vya kuhifadhia maji ya mvua chini ya nyumba mpya. Wanaingiza watu kumi kumi, kama 80 kwa siku, ili pumzi zetu zisiharibu rangi za kwenye mwamba. Tiketi nunua mtandaoni kabla hata ya ndege. Kule Gozo yapo mahekalu ya Ġgantija, ya zamani kuliko piramidi za Giza, na hayo yanaingilika bila shida.

Comino na ile Blue Lagoon yake, ghuba ya maji ya buluu, mimi ningeiruka. Maji ni mazuri kweli, siwezi kusema uongo, lakini mtu aliyeogelea Mnemba au Chole hatavumilia foleni ya miavuli na muziki wa baa. Msongamano ulizidi mpaka mwaka 2025 serikali ikaweka utaratibu wa kujisajili mapema. Siku hiyo muipe Gozo, tena mlale usiku mbili. Mnapanda feri Ċirkewwa, dakika kama 25 mko Mġarr, bandari ya Gozo. Kwenda hulipi, unalipa wakati wa kutoka Gozo, na wakati wangu nauli haikufika euro tano. Lile dirisha la mwamba unaloliona kwenye picha zote za Malta, Azure Window, lilianguka baharini kwa dhoruba Machi 8, 2017, kwa hiyo dereva akikuambia anakupeleka kuliona, mshukuru na ushuke.

Wenyeji ni Wakatoliki kwa zaidi ya asilimia 80, na imani yao wanaianzia kwa Paulo. Ukisoma Matendo ya Mitume sura ya 28 utakuta meli imevunjika, kisiwa kinaitwa Melita, na nyoka anamng'ang'ania Paulo mkononi bila kumdhuru. Ndiyo hapo. Februari 10 Valletta nzima inaadhimisha ajali hiyo. Lugha yao imetokana na Kiarabu ila inaandikwa kwa herufi za Kilatini, na aliyepita madrasa atadaka maneno mengi sokoni. Usihangaike, Kiingereza ni lugha rasmi pia. Walikuwa chini ya Mwingereza mpaka Septemba 21, 1964. Kwa Waislamu, msikiti mkubwa uko Paola, ulijengwa kwa fedha za Libya, na nyama halali ipo kwa wachinjaji wa Kiarabu na Kituruki upande wa Msida na Ħamrun. Chakula cha fahari ni sungura wa mchuzi. Mimi niliishi kwa pastizzi, vitafunio vya jibini au njegere vya bei ya chini. Kuanzia katikati ya Agosti inaingia lampuka, ambaye ni fulusi wetu. Wavuvi wanaelesha makuti ya mitende baharini, samaki wanakuja kujificha kivulini, wanazungushiwa nyavu. Mpate Marsaxlokk, kijiji cha wavuvi, ila soko la Jumapili kapite asubuhi sana.

Upande wa kazi nitakuwa mkavu. Kazi zipo: hoteli, usafi, ujenzi, kulea wazee, kupeleka chakula kwa pikipiki. Sensa ya 2021 ilionyesha zaidi ya mtu mmoja kati ya watano ni mgeni, na wamezidi tangu hapo. Lakini kibali cha kufanya kazi na kuishi kimefungwa kwa mwajiri mmoja. Ukigombana naye, unagombana na makazi yako. Kima cha chini kwa 2025 kilikuwa kama euro 222 kwa wiki kabla ya makato, na wakati wangu chumba cha kuchangia nyumba kilikuwa kinakula karibu nusu ya mshahara wa aina hiyo. Vyumba vyenyewe nilivifuata kwa simu vikiwa wazi, nikifika mlangoni vimepata mtu. Wenzangu Waafrika kila mmoja anayo hadithi hiyo. Wakala wa huku anayekuambia "nipe milioni kadhaa, ingia kwa viza ya utalii, kibali utapata ukiwa ndani" mkimbie. Njia safi niliyoiona kwa watu wa kwetu ni masomo: ndani ya eneo la Chuo Kikuu cha Malta kipo chuo cha sheria za bahari, IMLI, kilicho chini ya shirika la bahari la Umoja wa Mataifa, na wanasheria wa bandari na mamlaka za usafiri wa majini kutoka Afrika huja kusoma pale.

Viza ni ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, ada euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Mkiunganisha na Italia, ombeni kwa nchi mtakayolala siku nyingi zaidi. Kutoka Dar au Nairobi hakuna ndege ya moja kwa moja. Rahisi kwangu ilikuwa kupitia Istanbul, na Emirates nao hufika wakisimama Larnaca, Cyprus. Mkipita Italia, kuna boti ya mwendo kasi kutoka Pozzallo, Sicily, inayofika Valletta kwa chini ya saa mbili, ila wimbi likiwa kubwa shemeji aandae mfuko.

Adapta ya umeme usinunue, plagi ni zile zile za pini tatu za mraba. Wanaendesha kushoto kama sisi, lakini gari msikodi, maegesho yatawamalizia likizo. Lalani Sliema au Valletta kwenyewe, kati yao kuna boti inayokatisha ghuba kwa dakika chache huku mabasi yamekwama. Ukishajua tarehe na bajeti ya malazi weka hapa, nitakuambia mtaa gani.