Pima Mbao Kwanza, Ndipo Ufungue Kompyuta

Mdogo wangu unayeingia karakana mwaka huu na laptopu begani, karibu sana. Mimi nilianza na randa na patasi hapa Keko, Dar es Salaam, na SketchUp, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, nikajifunza ukubwani. Wewe umeanzia upande wa pili. Kuna mambo yatakula mbao zako usipoambiwa mapema, na mbao siku hizi ni ghali.

Anza na unene. Dukani utauziwa plaiwudi ya milimita 18, nawe utaandika 18 kwenye mchoro. Ipime kwa venia, kile kipimo chenye taya cha kupimia unene: mara nyingi utakuta 17 na ushee. Mashine ya CNC, ile inayokata mbao kwa kufuata mchoro wa kompyuta, ikishachimba mfereji wa 18, rafu inacheza humo ndani, na gundi haishiki vizuri penye mwanya. Kabati langu moja la vitabu liliharibika lote kwa sababu hiyo. Tangu hapo napima ubao wenyewe, sehemu tatu tofauti, ndipo naandika tarakimu.

Halafu, sisi mafundi tunaongea inchi na futi, mashine inasoma milimita. Inchi moja ni 25.4. Ukikadiria 25, kwenye urefu wa futi 8 umeshapoteza milimita 38, karibu sentimita nne.

Sasa njoo kwenye kona, maana hapa ndipo wageni wengi hukwama. CNC hukata kwa biti, yaani kisu chake kinachozunguka, na kitu kinachozunguka hakiwezi kuacha kona kali ndani ya tundu. Biti ya milimita 6 huacha kila kona na mviringo wenye nusukipenyo (rediasi) cha milimita 3. Mguu wa kiti ulioukatia ulimi wenye pembe kali hauingii humo. Wapo wanaochora kitundu cha ziada kila kona ili biti ipitilize, na kwenye plaiwudi iliyofichika sina neno. Kwenye mninga, chukua patasi. Isimamishe wima, upande bapa ukiegemea ukuta wa tundu, gonga taratibu, toa kibanzi, gonga tena. Usiwe na haraka ya kufika chini. Kiungo kizuri huingia kwa kusukumwa na kiganja, kikagoma kidogo mwishoni, ukamalizia kwa nyundo ya mti. Hisia hiyo ya kiganja huipati kwenye skrini, na ndiyo sababu nakuomba ukate viungo vyako vya kwanza kwa zana za mkono, hata kama mashine ipo.

Nakshi nayo ina lake. Tuliwahi kuchonga waridi kwenye kichwa cha kitanda kwa mashine peke yake. Nyuzi za ubao ule zilikuwa zimepinda, na upande mmoja wa ua ukang'oka vipande vipande. Mchongaji angeona nyuzi zinakwenda wapi akageuza patasi. Mashine hufuata njia iliyochorewa. Siku hizi tunaiacha itoe mwili mkubwa wa mbao, tunabakiza kama milimita moja, mkono unamalizia. Mteja aliyekulia karibu na milango ya Zanzibar anautambua ukingo uliopitiwa na patasi. Na msasa uende nao pole, kwani hufuta makali yote uliyoyahangaikia.

Mchoro hauna unyevu, mbao inao. Meza uliyoitengeneza Dar ikihamia Dodoma penye ukavu, uso wake husinyaa kwa upana, wakati kwa urefu haubadiliki sana. Ukiufunga kwa skrubu zilizobana kila upande, utapasuka. Chora matundu ya skrubu yawe marefu kidogo kuelekea upana, mbao ipate pa kutembea.

Kompyuta inanisaidia mno kwa mteja. Zamani nilimwelezea kabati kwa maneno, akawaza lake, nami langu, siku ya kupeleka tukagombana. Sasa anauona mchoro kwenye simu, tunakubaliana idadi ya droo na urefu wa miguu kabla sijakata chochote. Rangi tu usimwahidi kwa picha: mpe kipande cha mbao hiyohiyo kilichopakwa vanishi akakitazame kwake, mchana na usiku. Ukienda kupima ukuta wa kabati, vuta futikamba chini, katikati na juu, kisha tumia kipimo kilicho kidogo kuliko vyote.