Samaki akigawiwa mikoa, mizani anashika nani?

Barua nyingi tulizopokea safari hii kutoka Moshi na Arusha zimezunguka jambo moja: je, samaki asimamiwe na serikali kuu au aachiwe walio karibu naye? Tumechagua tano. Majibu hayalingani kwa urefu, kwa sababu maswali nayo hayalingani kwa uzito.

Ndugu Mhariri, darasani tumeambiwa Marekani ilimtoa samaki mmoja wa baharini mikononi mwa serikali kuu ikawapa majimbo. Ni samaki gani, na kilichohamishwa ni nini hasa? (Mwanafunzi wa chuo, Moshi)

Ni samaki mwekundu wa miambani, Lutjanus campechanus, wa ukoo mmoja na kungu wanaovuliwa pwani yetu. Anaishi Ghuba ya Meksiko na anaweza kupita umri wa miaka 50. Kwa samaki huyu, maili 9 za baharini kutoka ufukweni ni za jimbo. Kuanzia hapo hadi maili 200 ni maji ya serikali kuu. Samaki mwenyewe, bila shaka, hajui mpaka uko wapi.

Kila mwaka hupangwa uzito wa juu unaoruhusiwa kuvuliwa. Asilimia 51 ni ya wavuvi wa biashara na 49 ya wavuvi wa burudani, yaani watu wanaotoka na boti zao mwisho wa wiki na wale wanaokodi boti yenye nahodha. Shida ilikuwa kwenye hiyo 49. Majimbo yalikuwa yakifungua misimu mirefu katika maji yao. Texas iliacha maji yake wazi mwaka mzima. Kilo zilizotoka huko zilikatwa kwenye fungu lile lile, kwa hiyo serikali kuu ikawa inafupisha msimu wa upande wake ili hesabu isipite. Kulikuwa na sababu ya pili, ambayo watu huisahau: samaki walikuwa wakiongezeka na kunenepa. Mgawo ukiwa wa uzito, samaki wa kilo nne anaujaza upesi mara mbili kuliko wa kilo mbili. Mvuvi anaona samaki tele, halafu anaambiwa siku zimepungua. Mwaka 2014 wenye boti binafsi walipewa siku 9 katika maji ya serikali kuu, 2015 siku 10, na 2017 siku 3 tu, kabla Wizara ya Biashara haijaongeza 39 kwa shinikizo la wanasiasa.

Mwaka 2018 na 2019 majimbo matano yalipewa vibali vya majaribio. Tarehe 6 Februari 2020 utaratibu ukawa wa kudumu, kupitia marekebisho ya 50 ya mpango wa kusimamia samaki wa miamba katika ghuba hiyo. Fungu la wenye boti binafsi likagawanywa hivi: Florida asilimia 44.822, Alabama 26.298, Louisiana 19.120, Texas 6.210 na Mississippi 3.550. Desimali tatu zinakuonyesha jinsi watu walivyovutana mezani.

Sasa angalia kilichohamishwa. Jimbo linapanga siku za kuvua (Alabama, kwa mfano, imewahi kufungua Ijumaa hadi Jumatatu tu), linapanga samaki wangapi kwa mtu mmoja kwa siku, na urefu wa chini wa samaki, ilimradi urefu huo uwe kati ya inchi 14 na 18. Havikuhamishwa jumla ya mavuno ya mwaka, tathmini ya hali ya samaki, wavuvi wa biashara ambao tangu 2007 kila mmoja ana mgawo wake binafsi, wala boti za kukodi zenye kibali cha serikali kuu. Jimbo likizidisha, ziada inakatwa kwenye fungu lake la mwaka unaofuata. Mwalimu wako akisema samaki alikabidhiwa majimbo, mwambie kwa heshima kwamba kilichokabidhiwa ni kalenda. Kapu lilibaki juu.

Baada ya kugawana kwa asilimia, ugomvi uliisha? (Mstaafu, Sakina, Arusha)

Hapana, mzee wetu. Ulihamia kwenye mizani.

Majimbo yalishaanza kujihesabia yenyewe. Louisiana na Alabama zilianzisha mifumo yao mwaka 2014, Mississippi 2015. Alabama ilimtaka nahodha aripoti samaki wake anaporudi, kwa simu au intaneti. Serikali kuu yenyewe ilikuwa na utafiti wake wa kukadiria, unaotumia dodoso za posta na mahojiano kwenye gati. Njia mbili tofauti zikitazama bahari moja zilitoa majibu mawili. Kwa Florida na Louisiana tofauti ilikuwa ndogo. Kwa Alabama na Mississippi makadirio ya serikali kuu yalikuwa zaidi ya mara mbili ya hesabu ya jimbo.

Jumla ya mavuno ilikuwa imepangwa kwa kipimo cha serikali kuu, kwa hiyo ilibidi kila fungu libadilishwe kuwa katika kipimo cha jimbo, kama mtu anavyobadilisha fedha mpakani Namanga. Mwaka 2023 vigezo vilianza kutumika: Florida 1.0602, Louisiana 1.06, Texas 1, Alabama 0.4875, Mississippi 0.3840. Maana yake kwa kilo ni hii: fungu la Alabama la kilo 1,000 likawa kilo 487.5 kwenye daftari la Alabama. Samaki hawakupungua baharini hata mmoja, lakini fungu kwenye daftari lilipungua. Alabama na Mississippi zililalamika kwamba zinaadhibiwa kwa kuhesabu vizuri. Wanasayansi wa serikali kuu walijibu kwamba huwezi kupanga jumla kwa pishi halafu ukachota kwa kibaba.

Kwa maoni yetu wote wawili walikuwa na haki, na kosa lilikuwa la mpangilio. Vipimo vilipaswa kulinganishwa kabla ya kugawana. Wao waligawana kwanza, wakalinganisha miaka mitatu baadaye, wakati kila mmoja alishazoea ukubwa wa fungu lake.

Sisi wa Bwawa la Nyumba ya Mungu tuko halmashauri tatu na mikoa miwili kwenye bwawa moja. Tukipewa mamlaka zaidi, tuanzie wapi? (Mjumbe wa BMU, kikundi cha jamii cha kulinda samaki, Mwanga)

Hili ndilo swali lililotugusa zaidi, na ndugu yetu huyu analiuliza akiwa amekaa juu ya tatizo lenyewe: Mwanga na Moshi upande wa Kilimanjaro, Simanjiro upande wa Manyara.

Kwanza sheria. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 inaruhusu makubaliano ya usimamizi na vikundi vya jamii, ndiyo BMU zenu. Sheria ndogo hutungwa na halmashauri, na haianzi kufanya kazi bila idhini ya waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa. Mkoa kwetu hauna baraza la kutunga sheria ndogo, unaratibu tu. Kwa hiyo hata mkikubaliana vizuri kwenye kikao cha mikoa miwili, lazima maneno yale yale, kwa tarehe zile zile, yapite kwenye mabaraza matatu. Moja likichelewa, mwalo (pale mitumbwi inapotua) wa upande huo unakuwa mlango wa nyuma.

Pili, kuhesabu, na muanze kabla ya kugombania mgawo. Hamhitaji kupima kila mtumbwi. Tuseme siku ya leo imetoka mitumbwi 40. Chagua 8 kwa bahati nasibu, pima samaki wote wa kila mmoja kwa mizani, tafuta wastani. Ukipata kilo 12, siku hiyo bwawa lilitoa kama kilo 480 (12 mara 40). Rudia kwa siku kadhaa ndani ya mwezi, za mbalamwezi na za giza, maana mavuno hayafanani. Ikiwa wastani wa siku unabaki 480 na mwezi ulikuwa na siku 22 za kuvua, ni kilo 10,560.

Hesabu ni rahisi, ila huharibika sehemu zinazojulikana. Karani anapima mitumbwi inayorudi mapema kwa sababu anataka kwenda nyumbani, kumbe ya mapema ndiyo iliyojaza haraka. Mtumbwi uliorudi mtupu hauandikwi, kwa kuwa "hakuna cha kuandika". Ile sifuri isipoingia, wastani unapanda na bwawa linaonekana lina samaki kuliko lilivyo. Mwalo mmoja unaandika ndoo, mwingine beseni, wa tatu kilo. Mmoja anapima samaki wabichi, mwingine waliopasuliwa, mwingine wa kukaushwa. Amueni kipimo kimoja, kilo za samaki mbichi mzima. Aliyekausha asikisie: chukueni kilo 10 mbichi, mkaushe kama mnavyokausha siku zote, mpime tena, na uwiano huo muutumie mialo yote. Mara moja kwa mwezi makarani wa halmashauri tatu wapime mtumbwi ule ule, kila mtu na mizani yake, walinganishe namba papo hapo. Hilo dogo ndilo lililowakosa wenzetu wa Ghuba ya Meksiko.

Wavu nao una namna ya kupimwa. Ulowekwe, unyooshwe, upime matundu 10 mfululizo kwa pamoja kutoka fundo hadi fundo, ugawe kwa 10. Tundu moja la wavu mkavu kwa rula hutoa jibu la kubishaniwa mahakamani.

Tatu, kufunga bwawa. Perege jike hulea mayai na vifaranga mdomoni, kwa hiyo ukimvua wakati huo umevua na kizazi chake chote. Madume huchimba viota kwenye maji mafupi ya kando, pale pale kokoro inapoburuzwa. Ndiyo maana kokoro ni haramu msimu wote, hata bwawa likiwa wazi. Kipindi cha kufunga kifuate kuzaliana kwa samaki, na bwawa zima lifungwe siku moja. Amri pia ifike kwenye usafirishaji na soko, kwa sababu perege akiruhusiwa kuuzwa Moshi mjini wakati mialo imefungwa, atavuliwa tu, kwa katuli (kupiga maji ili samaki wakimbilie wavuni) usiku. Kisha kuna siku ya kufungua, ambayo ndiyo huila faida yote: wageni wanakuja na nyavu mpya, na wiki ya kwanza inamaliza kilichosubiriwa kwa miezi. Andikeni mapema idadi ya mitumbwi na nyavu kwa kila mwalo kwa mwezi wa kwanza.

Na msisahau kwamba bwawa hili lilijengwa miaka ya 1960 na maji yake huzungusha mitambo ya umeme. Kina kikishuka ghafla, viota vya kando vinabaki kwenye tope. Ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani iko hapo hapo Moshi. Mualikeni mtu wao kwenye kikao, la sivyo mtafunga uvuvi na samaki wasizaliane.

Kwa nini jodari wa bahari kuu wasiachiwe Tanga wawasimamie? (Msomaji, Kiboriloni)

Kwa sababu jodari hakai Tanga. Anazunguka Bahari ya Hindi, na nchi zinazomvua hukaa pamoja katika kamisheni yenye makao Shelisheli. Kwetu bahari kuu iko chini ya mamlaka inayounganisha Bara na Zanzibar. Pweza ni kinyume chake: anakaa mwambani kwake, anaishi kama mwaka mmoja na kukua upesi sana. Vijiji vya Songosongo na Kisiwa Panza vimeweza kufunga miamba kwa miezi mitatu na kuvuna faida wenyewe. Sheria ya nchi inabaki na sharti moja tu kubwa, asiuzwe pweza chini ya gramu 500. Yule mwekundu wa Marekani yuko katikati: mkubwa hapendi kuhama mwamba wake, lakini mayai na vifaranga hubebwa na mkondo kutoka jimbo hadi jimbo.

Nauza samaki soko la Kilombero. Wapo wanaokuja na kitu kama puto mdomoni na macho yametoka, wateja wanakataa wakidhani wameoza. Ni kweli? (Mama muuza samaki, Arusha)

Si kuoza, mama. Samaki wa miambani ana kibofu cha hewa kinachomsaidia kuelea. Kwenye kina cha mita 30 mgandamizo ni mara nne ya juu ya maji, kwa hiyo akivutwa haraka hewa ile inatanuka mara nne, inasukuma tumbo hadi mdomoni na macho nje. Hilo "puto" ni tumbo lake lililopinduka.

Ila angalizo: kwa samaki kama huyo usipime ubichi kwa macho kutokeza, maana yametokezwa na mgandamizo. Funua shavu uangalie matamvua. Yawe mekundu yenye unyevu, yasiwe ya kahawia yenye utelezi mzito. Bonyeza mgongo kwa kidole, nyama irudi. Nusa matamvua na tumbo kwa ndani. Yakiwa sawa, kata hilo puto, toa matumbo, osha, rudisha kwenye barafu.

Jambo hili linarudi kwenye swali la kwanza. Samaki wa aina hiyo akirudishwa majini kwa sababu msimu umefungwa au ni mfupi kuliko urefu unaoruhusiwa, anaelea na kufa, na kifo hicho hakionekani kwenye mizani ya gati. Kuanzia Januari 2022 sheria ya Marekani iliwataka wavuvi wa samaki wa miamba katika ghuba hiyo wawe na kifaa tayari ndani ya boti: ama sindano ya kutolea hewa, ama chombo cha kumshusha samaki chini, chenye uzito usiopungua gramu 450 hivi na kamba ya mita 18 hivi. Anayetumia sindano hatoboi lile tumbo lililotoka mdomoni. Huiingiza ubavuni, nyuma ya pezi la kifua, kwa mshazari chini ya gamba.