Muundi unauma, hedhi imekatika

SWALI: Binti wa miaka 16 ninayemfundisha mita 1,500 anaumwa muundi, na hedhi imekatika miezi minne. Nimpunguzie mazoezi tu?

JIBU: Hapana, mwalimu. Asimamishe kukimbia kwanza. Bonyeza muundi kwa kidole: maumivu yakiwa mahali pamoja padogo, shuku ufa wa mfupa. Eksirei ya wiki za mwanzo mara nyingi haiuonyeshi, kwa hiyo picha safi isikutulize.

Hedhi kukatika si dalili ya kuiva kimazoezi. Mara nyingi mwili umekosa chakula cha kutosha, homoni zikashuka, mifupa ikadhoofika. Amwone daktari, apimwe damu na ujauzito. Ale uji wa maziwa kabla ya mazoezi, mlo kamili mara baada yake, alale kwa muda wa saa 8 hadi 10 kila usiku. Na tafadhali, asipimwe uzito mbele ya wenzake.