Kupanda mlima wa Wanale wakati wa korona

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, sisi vijana watano wa Mbale, Uganda, tunakusudia kupanda Wanale Jumamosi. Je, hata nje tuachiane nafasi?

JIBU: Ndiyo, ndugu msomaji. Ni kweli kwamba hewa ya wazi hutawanya upesi matone yanayobeba virusi, lakini mpandaji huhema kwa nguvu, kwa hiyo mita 2 nazihesabu kuwa kiwango cha chini tu. Penye njia nyembamba, mmoja asimame kando, avae barakoa na kuwapisha wanaoshuka. Kila mtu abebe maji na chakula chake. Kinachonitia shaka zaidi, kusema kweli, ni taksi iliyojaa watu na kufungwa madirisha; mkiweza, anzeni safari kwa miguu kutoka mjini.