Pima Mlango Kwanza, Shokapu Baadaye: Kwa Anayejenga Trela ya Umbo la Chozi

Trela ndogo ya kulala yenye umbo la tone la chozi, ambayo Wamarekani wamekuwa wakijijengea wenyewe tangu miaka ya 1930, ina kitanda mbele na jiko nyuma, na jiko hilo hufunikwa na mlango mmoja mpana uliopinda, unaofunguka kuelekea juu kama buti la gari. Mimi nilijengea yangu katika gereji huku Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, na sehemu iliyonigharimu kuliko zote haikuwa bawaba wala mpira wa kuzuia maji, bali kile kinachoushikilia mlango huo ukiwa wazi.

Kosa langu lilikuwa haraka. Nilinunua shokapu mbili za gesi, yaani silinda zenye gesi iliyoshinikizwa na fimbo inayousukuma mlango juu, kila moja yenye nguvu ya nyutoni 450, wakati mlango ungali mbavu tupu za plaiwudi, nikiwa nimekisia tu uzito wake wa mwisho. Ulipokamilika, ulifunguka kwa kishindo cha kumtupa mtu chali, jambo ambalo nililichukulia kama mzaha, lakini baada ya wiki chache za joto niligundua kwamba shokapu hizo zilikuwa zikiusukuma mlango hata ukiwa umefungwa, na kwa kuwa komeo lilikuwa chini katikati tu, mbavu za pembeni zilikuwa zimebetuka kuelekea nje kiasi cha mpira kutogusa tena ukuta. Vumbi la barabara lilikuta njia nyeupe hadi kwenye sahani.

Kwa hiyo maliza mlango wote kwanza: bati la alumini, taa, komeo, rangi, kila kitu. Kisha ufungue hadi pale unapotaka usimame, uning'inize ukingo wake kwenye mizani ya ndoano ya kupimia mizigo, na usome. Mlango wangu ulisoma kilo 9 ukingoni, nao ukingo ulikuwa mita 1.2 kutoka bawaba, maana yake nguvu ya kuuzungusha chini kwenye bawaba ilikuwa takriban nyutoni-mita 106 (kilo 9 mara 9.81 ili kupata nyutoni, kisha mara 1.2). Baada ya hapo tafuta umbali mfupi kabisa kati ya bawaba na mstari wa shokapu mlango ukiwa wazi. Kwangu ulikuwa sentimita 20. Gawanya 106 kwa 0.2 upate nyutoni 530, ugawe tena kwa mbili, na utaona kwamba kila shokapu inahitaji nyutoni 265 hivi. Nilichukua za 300, na mlango unatulia bila kumpiga mtu kidevu.

Mahali pa kuzifungia shokapu panahitaji subira zaidi ya hesabu. Shokapu yenye urefu wa sentimita 50 ikiwa imenyooka na mwendo wa sentimita 20 haiwezi kufupika chini ya sentimita 30, hivyo umbali kati ya ncha zake mbili lazima ubaki juu kidogo ya 30 mlango ukifungwa, na ufike 50 ukifunguka. Usijaribu kulitatua hili kichwani. Kata maboksi makubwa, uchore ukuta wa trela na mlango kwa kipimo halisi, uuzungushe mlango wa karatasi kwa kipini kwenye bawaba, na ujaribu pointi mbalimbali kwa kipande cha mti ulichokitia alama za 30 na 50. Pointi unayoitafuta ni ile ambayo, mlango ukiwa umefungwa, mstari wa shokapu unapita karibu sana na bawaba, kwa sababu hapo nguvu yake inaisukuma bawaba badala ya kuuinua mlango, na mbavu zinapumzika. Mimi nilichora mara tano, na mara ya nne ndipo nilipokumbuka kwamba kichwa changu nacho kinahitaji nafasi chini ya ukingo.

Ukishapata pointi hizo, zifungie kwenye ubavu wa mlango, kamwe si kwenye ngozi yake ya plaiwudi nyembamba, na upande wa ukuta ubandike kwa ndani kipande cha mbao ngumu kwa gundi, kisha upitishe bolti na nati, kwani skrubu za mbao hung'oka taratibu. Fimbo nyembamba ya shokapu ielekee chini mlango ukiwa umefungwa, ili mafuta yaliyomo yaendelee kuilowesha sili, yaani pete inayozuia gesi isivuje.

Baridi nayo ina neno lake. Gesi hupungua nguvu joto linaposhuka, na kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, hali ya kawaida kwa Januari ya hapa, shokapu hupoteza karibu asilimia 14. Ile ziada niliyoiacha kati ya 265 na 300 ilimezwa yote, na upepo ukipiga mlango mpana namna ile hausubiri hesabu zako. Ndiyo maana nimebakiza gongo la mti mgumu lenye pini ya chuma kila ncha, linaloingia kwenye tundu moja la kaunta na jingine la ubavu. Gongo hilo hilo ndilo ninaloliweka kabla ya kufungua shokapu iliyochoka, na shokapu yenyewe siikati wala siitoboi, kwa kuwa nitrojeni iliyo ndani bado ina shinikizo kubwa hata pale inaposhindwa kuinua mlango.